Mashetani Waingia Sebuleni

Usiku wa kuamkia Mei 15, 2012, watu wengi sana walikesha mbele ya kompyuta wakingoja lango la kuzimu lifunguliwe. Diablo II ilikuwa imetoka mwaka 2000. Waliokuwa vijana wa sekondari wakati ule sasa walikuwa na kazi, ndoa na watoto, na baadhi yao walikuwa bado wanairudia gemu ile kila walipopata nafasi. Diablo III ilipofika wakabonyeza, wakaandika nywila, wakapokelewa na ujumbe mfupi: seva zimelemewa, jaribu tena baadaye, Hitilafu 37. Wakajaribu tena. Hitilafu 37. Haikuchukua muda namba hiyo ikawa utani wa wacheza gemu wa dunia nzima.

Foleni ya siku ya kwanza watu wameizoea. Kilichowachoma wengi ni kwamba walitaka kucheza peke yao. Mtu amenunua diski, ameweka gemu kwenye kompyuta yake, hana haja ya kukutana na binadamu mwingine, na bado hawezi kuanza mpaka seva za kampuni ya Blizzard zimruhusu. Msomaji anayehesabu megabaiti za bando lake ataelewa uzito wa sharti hilo bila kuelezwa. Mtandao ukikatika, au bando likiisha, shujaa wako anaganda katikati ya mapigano na gemu uliyoilipia inakutoa nje.

Kwa hesabu za fedha hapakuwa na msiba. Nakala zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza, na wiki haijaisha zikawa zimepita milioni 6. Wahakiki waliisifu. Basi tunapoitaja kama gemu iliyowavunja watu moyo, tunazungumzia yale yaliyotokea baadaye, wiki kadhaa mbele, mchezaji alipokwisha kumuua shetani mkuu, akarudi kucheza kwa ugumu wa juu zaidi, akagundua kwamba kitu fulani ndani ya gemu hakifanyi kazi. Haikuwa hitilafu ya programu. Mashine ilifanya kila ilichoagizwa, ila maagizo yenyewe ndiyo yalikuwa na kasoro.

Diablo ni gemu ya jambo moja. Unaua mashetani. Shetani akifa huangusha nyara: upanga, kofia ya chuma, pete, viatu. Nyara hizo hutolewa kwa bahati nasibu, na mara chache, chache sana, kinadondoka kitu cha kukuinua kwenye kiti. Unakivaa, unapata nguvu, unakwenda kuua mashetani wakubwa zaidi wenye kuangusha vitu bora zaidi. Hadithi, muziki wa huzuni, makanisa yaliyobomoka, yote hayo ni mapambo ya mzunguko huo. Wanaoudharau huuita kamari isiyo na fedha, nao hawako mbali na ukweli. Utamu wote uko katika ile sekunde kati ya kitu kudondoka na wewe kukisoma.

Ndani ya mzunguko huo Blizzard wakapachika mnada.

Nia yao ilieleweka. Enzi za Diablo II wachezaji waliuziana silaha kwenye tovuti za vichochoroni, na wengi wakatapeliwa. Kampuni ikaona afadhali biashara hiyo ifanyike ndani ya nyumba, kwa usalama, nayo ipate chake. Ukawepo mnada wa dhahabu ya ndani ya gemu, na kuanzia Juni 12, 2012 ukawepo mnada wa fedha halisi, ambako upanga usioshikika kwa mkono uliweza kuuzwa hadi dola 250. Kwa kila silaha au vazi lililouzwa kwa dola, Blizzard ilikata dola 1.

Sasa fikiria soko lenye vitu vya mamilioni ya wachezaji. Kitu bora kuliko ulichovaa kimo humo sikuzote, na mara nyingi bei yake si kubwa. Kwa nini ukeshe ukiua mashetani? Watu wakatambua kwamba njia ya mkato ya kuwa shujaa ni kuacha kucheza na kwenda kukaa mnadani, kununua rahisi na kuuza ghali. Wakawa wachuuzi. Na kwa kuwa vitu vizuri vikimwagika ovyo soko huporomoka, nyara zenyewe zikawa haba na za ajabu ajabu. Mbarbari, pande la mtu anayeishi kwa shoka, anamuua jinamizi kwa taabu kubwa, halafu zawadi yake ni silaha ya kuongeza akili, sifa inayomfaa mchawi. Anachofanya nayo ni kuipeleka sokoni. Ile sekunde ya utamu ikahama uwanja wa vita ikaenda kukaa kwenye orodha ya bei.

Huu ndio ugonjwa ambao toleo la konsoli lilikuja kuukuta.

Ndani ya Blizzard hiyohiyo, huko Irvine, California, kulikuwa na kikundi kidogo kilichopewa kazi iliyoonekana ya pembeni: kuihamishia Diablo III kwenye konsoli. Kiliongozwa na Josh Mosqueira. Habari ilipotangazwa Februari 2013, jukwaani kwa Sony jijini New York, wapenzi wa kompyuta walinuna. Kwao Diablo ilikuwa kipanya na kibodi, na konsoli ilikuwa mashine ya watoto na mpira. Toleo lenyewe lilifika Septemba 3, 2013, karibu miezi 16 baada ya lile la kompyuta, tena kwa mashine zilizokwisha kuzeeka, PlayStation 3 na Xbox 360, kila moja ikiwa na megabaiti 512 tu za kumbukumbu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kidole gumba. Kwenye kompyuta unamwonyesha shujaa mahali pa kwenda kwa kipanya, naye anakwenda. Kwenye konsoli kidole gumba kinamwendesha moja kwa moja. Mabadiliko haya yanaonekana madogo hadi uyajaribu. Mwili ukiwa mikononi mwako unataka kuukwepesha, na mshale ukija unataka kuruka pembeni. Kikundi cha Mosqueira kikaongeza mviringisho wa kukwepa kwenye kijiti cha kulia, jambo ambalo toleo la kompyuta halikuwa nalo, na mapigano yakawa na mwendo mwingine kabisa. Kuna wakongwe wa kipanya waliokiri, kwa shingo upande, kwamba kumpiga shetani kwa padi kunanoga zaidi.

Tatizo la pili, na hili ndilo lililozaa matunda, lilikuwa kochi. Konsoli iko sebuleni. Gemu iliruhusu wachezaji hadi 4 kwenye televisheni moja, na hapo wazo la nyara kama lilivyokuwa kwenye kompyuta likagota. Shetani anaangusha vitu kumi, tisa ni takataka, na kila kimoja kina mistari ya maandishi madogo. Kwenye kompyuta, mtu aliyekaa peke yake na uso karibu na kioo atasoma. Sebuleni wenzako watatu watakuwa wanakungoja umalize kulinganisha mikanda miwili, na kutoka pale kochini hakuna anayeona herufi hata moja. Ikabidi vitu vinavyodondoka vipunguzwe, na vile vichache viwe na maana zaidi. Ikatengenezwa menyu fupi ya kuvaa haraka, yenye mishale ya kuonyesha kama kitu hiki kitakuongezea nguvu ya kushambulia, ulinzi au uhai. Unatupa jicho, unavaa, mnaendelea. Waliowahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha gemu Dar es Salaam au Nairobi, wakingoja zamu huku mwenye padi akipanga kikosi chake cha FIFA taratibu kana kwamba yuko peke yake duniani, wanajua jinsi uvumilivu wa benchi ulivyo mfupi.

Mnada haukuwemo. Intaneti nayo haikuwa sharti tena, ungeweza kucheza bila waya wala bando.

Tazama basi kilichotokea. Maamuzi yaliyofanywa kwa ajili ya kidole gumba na kochi yalitibu maradhi ya nyara. Kitu kilipodondoka, mchezaji alikuwa na sababu ya kukiinamia, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukipata, na kwa sababu uwezekano wa kumfaa ulikuwa mkubwa.

Sitaki kudai kwamba wa upande wa kompyuta hawakuliona tatizo. Jay Wilson, aliyeiongoza Diablo III hadi alipoachia nafasi hiyo Januari 2013, alisimama San Francisco mwezi Machi mwaka huohuo, mbele ya mkutano wa watengenezaji gemu, akakiri kwamba minada iliiumiza gemu. Walijua. Ila kujua ni rahisi kuliko kubomoa mfumo ambao watu tayari wameweka fedha zao ndani yake. Konsoli iliwapa kiwanja kipya cha kuisimamisha gemu ileile bila mnada na kuona kama itasimama. Ilisimama. Septemba 17, 2013, wiki mbili tu baada ya toleo la konsoli kutoka, Blizzard ikatangaza kwamba minada ya kompyuta itafungwa. Ilifungwa Machi 18, 2014. Wiki moja baadaye ikatoka nyongeza ya Reaper of Souls. Mfumo mpya wa nyara, wenye kumpendelea mchezaji kwa vitu vya aina yake, ulikuwa umeshatangulia kuingizwa kwenye kompyuta, nao ulikuwa binamu wa ule wa sebuleni. Aliyekuwa akiongoza gemu yote kufikia wakati huo ni Mosqueira, mtu wa konsoli.

Anayehama nyumba kwa lori kubwa hubeba hadi mabati yenye kutu. Anayehama kwa kirikuu hulazimika kusimama mlangoni na kuamua. Toleo la konsoli lilikuwa kirikuu.

Hata hivyo yako mambo ambayo uhamisho haukuyagusa. Hadithi ni moja. Azmodan, bwana wa kuzimu anayesifiwa kuwa hodari wa mbinu za vita, bado anajitokeza kila mara, kichwa kikubwa cha moshi, kumweleza adui yake anachopanga kufanya. Kwenye kompyuta ni kichekesho na kwenye konsoli ni kichekesho hichohicho kwenye kioo kikubwa zaidi. Ule uhuru wa kucheza bila intaneti nao ulikuwa na gharama yake: kumbukumbu za shujaa zilikaa kwenye mashine ya mchezaji mwenyewe, walaghai wakazichokonoa, na aliyejiunga na wageni mtandaoni aliweza kumkuta mtu mwenye silaha ambayo gemu isingeweza kamwe kuitoa. Na aliyenunua mwaka 2013 alitakiwa kununua upya Agosti 2014 ili apate Reaper of Souls. Hilo la mwisho linaniudhi kuliko Azmodan.

Sasa turudi nyuma, hadi mwaka 2000, tukaone kisa kinachotia mchanga kwenye nadharia hii ya kirikuu. John Romero, mmoja wa waliotengeneza gemu ya Doom, aliahidi kwamba gemu yake Daikatana ingetoka kwa Krismasi ya 1997. Ilitangazwa kwa tangazo la matusi ambalo limebaki kuwa mfano wa majivuno katika biashara hii. Ikatoka Mei 2000, imechakaa kabla ya kuanza kutumika. Lililochukiwa kuliko yote ni wasaidizi wawili, Mikiko na Superfly, ambao mchezaji alilazimika kuwalinda huku wao wakikwama milangoni na kufa kifo cha kijinga. Mwaka huohuo likaja toleo la Nintendo 64, na humo wasaidizi wakaondolewa, wakabaki kwenye vipande vya filamu tu. Lawama kubwa kuliko zote ikakatwa. Matokeo? Gemu ikawa mbaya zaidi. Ukungu mzito ukafunika vyumba ili mashine isizidiwe, picha zikafifia, na chini ya wasaidizi walioondolewa hapakuwa na kitu kizuri kilichokuwa kikingoja kufichuliwa.

Halafu kuna toleo ambalo wengi hawajawahi kulisikia. Kampuni ya Kemco ya Japani iliitoa Daikatana kwa Game Boy Color, kimashine cha mkononi kisichoweza kabisa kuonyesha vyumba vya pande tatu. Haikuwezekana kubana wala kupunguza, ikabidi kuanza upya: unamtazama shujaa kutoka juu, unatembea ramani, unafungua milango, unapigana kwa kitufe kimoja. Liliuzwa Ulaya na Japani pekee, na waliolicheza walilipenda. Romero mwenyewe baadaye aliliweka kwenye tovuti yake ili atakaye alipakue bure. Udogo wa mashine pekee hauelezi tofauti hii, maana Nintendo 64 nayo ilikuwa ndogo kuliko kompyuta, ila ilikuwa na nguvu ya kutosha kumruhusu mtengenezaji asifikiri. Game Boy ilimnyima hata hiyo.

Kisa cha Final Fantasy XIV, gemu ya kuchezwa mtandaoni, ni kirefu, na wapenzi wake hukisimulia kama watu wanavyosimulia vita walivyopigana. Ilitoka Septemba 30, 2010 kwa kompyuta, na toleo la PlayStation 3 liliahidiwa kwa Machi 2011. Gemu ilikuwa nzito na ya kuchosha: menyu zilizochelewa kufunguka, na chungu cha maua chenye poligoni nyingi sawa na mwili wa mchezaji. Desemba 2010 kampuni ya Square Enix ikamwondoa mkuu wa mradi, ikamweka Naoki Yoshida, na toleo la PlayStation 3 likaahirishwa bila tarehe. Yoshida akafanya jambo ambalo wachache wangethubutu. Aliendelea kuitengeneza gemu mbovu kwa ajili ya waliokuwa wakiicheza, huku akijenga nyingine kando. Novemba 11, 2012 mwezi uitwao Dalamud ukaangushwa juu ya ulimwengu wa zamani, seva zikazimwa. Agosti 27, 2013 gemu mpya ikatoka, kompyuta na PlayStation 3 siku moja. Kwa hiyo mtu aliyengoja toleo la konsoli tangu mwanzo alipata gemu nzuri, kwa kuwa ile aliyoahidiwa ilikufa njiani.

PlayStation 3 haikuondoka hivihivi. Ilidai kwamba uchawi wote, silaha zote, kila amri, vifikike kwa vitufe vya padi, na mpangilio uliobuniwa ni mzuri kiasi kwamba hadi leo wapo wanaoicheza kwenye kompyuta kwa padi kwa hiari yao. Lakini mashine ileile iliendelea kula kumbukumbu. Wachezaji walipoomba mifuko mikubwa zaidi ya kubebea vitu, Yoshida alikuwa na jibu moja: PlayStation 3 haiwezi. Likageuka mzaha, kisha kero. Mwaka 2017, nyongeza ya Stormblood ilipotoka, PlayStation 3 ikaachwa nyuma.

Na kuna gemu ambazo dawa yake ni kinyume kabisa. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 10, 2020 ikiwa imebanwa ndani ya PlayStation 4 na Xbox One, na hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani mwake baada ya wiki moja hivi, ikairudisha Juni 2021. Toleo lililotengenezwa hasa kwa PlayStation 5 na Xbox Series X lilichelewa hadi Februari 15, 2022. Hilo liliwafanya baadhi ya waliokuwa wameisusa wairudie. Nyongeza yake kubwa, Phantom Liberty ya Septemba 2023, haikuletwa kabisa kwenye mashine za zamani. Ahadi ya Cyberpunk ilikuwa jiji: umati barabarani, magari, mwanga wa taa kwenye lami iliyolowa. Mashine ndogo ikipunguza watu mitaani, inapunguza kile hasa ulicholipia. Diablo ilipopoteza mnada na takataka tisa kati ya kumi, hakuna mchezaji aliyepoteza alichokijia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba gemu ikicheleweshwa itapona tu. Daikatana ilichelewa mno, na haikupona. Kilichoiokoa Diablo ndani ya ile miezi 16 ni kwamba watu wachache walilazimishwa kuuliza mchezaji anakuja kutafuta nini, wakiwa mahali ambapo jibu la zamani halikuwezekana kiufundi, na kwamba wakubwa wao walikuwa tayari kulipokea jibu lile na kulirudisha kwenye kompyuta. Hilo la pili ni adimu. Matoleo mengi ya konsoli hutengenezwa na kampuni nyingine ya kukodiwa, katika jiji jingine, na chochote ilichojifunza kinabaki hukohuko.

Diablo IV ilitoka Juni 2023, siku moja kwa kompyuta na konsoli. Mviringisho wa kukwepa umo, kwenye kompyuta pia. Mnada haumo. Kwenye kochi, wachezaji 4 wamekuwa 2. Na bila intaneti haiwaki, hata sebuleni, hata ukiwa peke yako.